Jina la Baba Mkwe

Itumba, Jumatatu 5 Juni 2006

Nimefika. Baridi ya huku Ileje haibishi hodi, inaingia tu mpaka kitandani. Bwana Maduhu, mwenye mtambo huu wa kumenya kahawa, amenileta na pikapu yake kutoka Tunduma, na njia nzima wimbo ulikuwa mmoja: msimu uliopita kahawa yake iliharibika kwa sababu Mzee Amoni, msimamizi aliyenitangulia, alikuwa mpole kupita kiasi.

"Amoni alisimamia mtambo kama anasimamia kwaya," akasema. "Mimi sitaki kwaya, Germana. Cheka na nyani uvune mabua."

Nikamwambia kwangu atavuna kahawa. Nimekulia dukani kwa mama pale mpakani Tunduma, nikigombana na madereva wa malori wa nchi zote mbili. Watu wa mlimani watanishindaje?

Jumatano 7 Juni

Watu ni wazuri jamani. Wananiita "dada" kabla hata hawajanijua jina. Wanawake wako kwenye meza za kukaushia, wanachagua mbovu na kugeuza. Wanaume wako chini kwenye mashine na matangi. Katikati kuna ukuta wa magunia na majani makavu ya migomba, mbaya kuutazama, umekaa pale bila kazi yoyote. Nimeuamuru ung'olewe ili nikisimama mlangoni nione kila mtu.

Niliowashika majina mpaka sasa: Marta, mama wa makamo, mdomo haufungi. Witness, mjane kijana, mikono yake kwenye kahawa inakwenda hata macho yako hayaifuati. Kwao ni ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi. Mumewe alikuwa mtoto wa hapa hapa. Na Mzee Anyelwisye wa matangini, ambaye kabla ya kutokea kona yoyote lazima akohoe. Nimemwambia akapime kifua. Wote wakacheka, nami nikacheka.

Jumatatu 12 Juni

Nimekoma kucheka. Jumamosi vijana wa matangini waliniomba waende mazikoni, nikasema nendeni, na poleni sana. Wakaenda, na hakuna aliyekumbuka kuosha kahawa iliyokuwa tangini. Leo inanuka chachu, tangi zima. Nimepanda kilimani kutafuta mtandao ili nimwambie Bwana Maduhu mwenyewe kabla hajaambiwa na watu.

"Ahaa," akasema. "Umeanza na wewe kwaya."

Akakata simu. Nikakaa kwenye jiwe pale juu, upepo unanipiga, nikaona haya ya mtu aliyejisifu juzi tu. Basi. Upole wangu nimeuacha kule kule kwenye jiwe.

Jumanne 13 Juni

Sheria mpya. Asubuhi wote mstarini, majina yanasomwa kwa sauti, kila mtu aitike. Hakuna dada, hakuna mama, hakuna shangazi: kazini mimi ni bosi. Ruhusa ya msiba ni ya mzazi, mume, mke au mtoto, basi.

Witness nimemfanya kiongozi wa mstari. Anasoma vizuri na nilitaka kumwinua, maana nimeona anavyojituma. Nilidhani atafurahi. Aliipokea ile karatasi ya majina kama mtu aliyepewa nyoka ashike.

Jumatatu 19 Juni

Witness analiruka jina la Mzee Anyelwisye. Nilidhani ni bahati mbaya, lakini leo tena. Akifika hapo ananyamaza, mzee anajiitikia mwenyewe "Nipo!" akiwa nyuma ya mashine, halafu msomaji anaendelea na jina linalofuata kana kwamba hakuna kilichotokea. Na wengine wanatazama chini wakitabasamu. Wananicheza shere hawa.

Jumanne 20 Juni

Nimemuuliza Marta. Akaweka ungo chini akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Bosi, yule ni baba mkwe wake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mkwe hatamki jina la baba mkwe. Hapiti mbele yake, hakai naye uso kwa uso, hata kivuli chake hakitakiwi kumgusa. Mzee anakohoa ili mtoto wa watu ajue ageuke. Na ule ukuta wa magunia aliouweka Mzee Amoni, ulidhani ni wa nini? Wa kuzuia upepo?"

Nikamwambia hata kwetu Wanamwanga tuna heshima ya wakwe, lakini mambo ya nyumbani yabaki nyumbani.

"Hapa ni kazini, mama Marta."

"Kazini kuna watu, bosi."

"Nikianza na huyu mwenye mkwe, kesho atakuja mwenye mzimu, keshokutwa mwenye ndoto."

Marta akachukua ungo wake. Akanipa mgongo, akaanza kupepeta.

Ijumaa 23 Juni

Ukungu. Kahawa haikauki.

Jumatatu 26 Juni

Niandike yote, tena leo leo, kabla sijaanza kujitetea.

Bwana Maduhu alikuja asubuhi na wageni wawili, wanunuzi. Nilipanga mstari mapema. Nilikuwa nimenyoosha hata koti. Nilitaka waone mtambo unaokwenda kwa amri.

Witness akasoma. Sauti nzuri, haraka, kila mtu "nipo", "nipo". Akafika pale, akanyamaza. Mzee akaitika kutoka nyuma ya mashine. Witness akaendelea na jina linalofuata. Mgeni mmoja akaniuliza, "Huyo aliyeitika ni nani? Mbona hajaitwa?" Bwana Maduhu akanitazama. Damu ikanipanda.

"Witness. Umeruka jina."

"Yupo, bosi. Yule wa matangini."

"Ana jina."

Mzee akajitokeza nusu, akakohoa kwanza, uso ameugeuzia matangini. "Mama," akasema, "mimi nipo. Andika tu kwamba nipo."

"Sikukuuliza wewe, mzee. Namuuliza kiongozi wa mstari." Nikamgeukia Witness. "Soma jina, au vua aproni uende nyumbani moja kwa moja."

Nilijua. Hapa ndipo ninaposhindwa kulala na nafsi yangu. Marta alikuwa ameshaniambia, kwa Kiswahili, mchana kweupe, na nikaelewa. Nilijua pia kwamba Witness hana mume, na kwamba watoto wake wawili wanakula kwa kazi hii.

Akavuta khanga ikamfunika uso wote. Akalitamka. Kwa sauti ndogo, lakini akalitamka.

Nilisikia. Nikasema, "Sijasikia. Sauti!"

Akalitamka tena kwa sauti ya kuvunjika, na mwanamke mmoja nyuma akaguna kama amechomwa mwiba. Mzee Anyelwisye akarudi kwenye tangi. Akachukua reki yake, akaiosha kwa maji safi, akaiegemeza ukutani. Akavua mabuti ya mtambo akayapanga pamoja. Akaondoka peku kwenye njia ya mawe, na safari hii hakukohoa.

Bwana Maduhu akanipiga bega. "Hapo sasa! Hapo nimeona mtu."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumanne 27 Juni

Mzee hakuja. Hakuna aliyechelewa. Hakuna aliyeongea.

Jumatatu 3 Julai

Kahawa imefurika, wakulima wanashusha magunia mpaka barabarani. Katikati ya yote hayo Witness akanifuata stoo, akasimama mlangoni.

"Dada Germana." Nikaiacha ile "dada" ipite.

"Sema."

"Shemeji yangu Hezron anasema nimemtukana baba mbele ya wageni. Anasema mwanamke wa hivyo hakai kwenye mji wa baba. Yeye tangu zamani analitaka shamba la marehemu, sasa amepata neno la kusema. Jumamosi wazee wanakaa."

"Na baba mkwe mwenyewe anasemaje?"

"Amenyamaza. Haruhusiwi kunitetea yeye, maana ndiye aliyekosewa. Anatakiwa mtu wa kusema." Akakaza fundo la khanga. "Njoo useme tu kwamba ulinilazimisha. Ukisema wewe, kosa linatoka kwangu. Nikifukuzwa, navuka mto peke yangu. Watoto ni wa ukoo, wanabaki."

Nikamwambia nitaona. Hivyo tu: "Nitaona." Kama mtu anayeombwa ruhusa ya kwenda sokoni.

Alhamisi 6 Julai

Nimempigia Bwana Maduhu. Akasema nisithubutu.

"Ukiomba radhi leo, kesho wanakupanda kichwani. Umewashika vizuri, usiwaachie. Mambo ya ukoo waachie ukoo."

Sikubishana naye. Nilikuwa nimempigia ili aniambie hivyo hivyo.

Jumamosi 8 Julai

Sikwenda. Nimemtuma mtu aseme nasubiri lori la mzigo. Lori lilikuja na kuondoka jana. Leo nimefua masweta.

Jumatatu 10 Julai

"Amevuka mto," Marta akasema asubuhi. "Jana. Watoto walimsindikiza mpaka darajani wakarudishwa."

Nikamuuliza nani atasoma majina. Ndiyo, hilo ndilo nililouliza! Mayo mwe, mama yangu wee, mdomo wangu huu. Marta akasema nimpe yeyote, majina sasa hayana shida. Nikampa Goodness, msichana wa meza ya tatu.

Jumatano 19 Julai

Mtambo unakwenda kama saa. Tangi linaoshwa kabla sijasema, meza zinafunikwa kabla ukungu haujashuka. Nikitokea mlangoni, mazungumzo yanazimika. Mchana wanakula pamoja kule chini ya turubai, mimi nakula stoo. Nilipokuwa "dada" walikuwa wananiletea viazi vya kuchoma. Nilidhani nitazoea kuvikosa.

Alhamisi 27 Julai

Nimekutana na Mzee Amoni kanisani. Nilimdharau kabla ya kumwona. Nikamuuliza, kwa kejeli kidogo, aliwezaje kufanya kazi na watu hawa bila kuwakaripia.

"Nilikuwa nakaripia sana," akasema. "Ila nilikuwa namwita mtu pembeni. Hata hivyo kahawa iliharibika, wala sikatai. Kuna siku nilipaswa kukaripia nikaona huruma. Wewe ni hodari kuliko mimi kwenye hilo."

Alisema kwa moyo safi kabisa, akanishika mkono wa kwaheri. Afadhali angenitukana.

Jumanne 8 Agosti

Upepo. Turubai mbili zimechanika.

Ijumaa 18 Agosti

Majibu ya ubora wa kahawa tuliyokwisha kupeleka yametoka. Daraja la juu, mzigo wote ukiacha lile tangi la Juni. Bwana Maduhu amekuja na kreti za soda na kitenge changu, akahutubia. "Mmeona faida ya nidhamu? Huyu mama ni chuma. Mwakani nampa mitambo miwili."

Watu wakapiga makofi ya adabu. Soda wakazipokea kwa mikono miwili, "asante bosi", wakaondoka nazo bila kuzifungua. Nikabaki na kitenge mapajani. Nilipopita nyuma ya mashine nikayaona yale mabuti. Tangu siku ile hakuna aliyeyagusa, na hata mimi sikuwa nimethubutu kumpa mtu mwingine. Yameganda matope makavu. Nikaona aibu, si ile ya kuonwa na watu, maana hakuna aliyekuwa ananitazama. Nilijionea mwenyewe.

Jumapili 27 Agosti

Baada ya ibada nimewaona watoto wa Witness na bibi yao. Yule mkubwa wa kike amembeba mdogo mgongoni, na mdogo mwenyewe ni mkubwa wa kutembea. Nikawasalimia. Yule msichana akanipigia goti. "Shikamoo, bosi."

Nani kamfundisha kuniita bosi? Nimeitikia marahaba, nikaenda kulia nyuma ya choo cha kanisa, mtu mzima mimi.

Jumatatu 28 Agosti

"Mama Marta," nimemwambia, "nipeleke kwa mzee."

"Umechelewa."

"Najua."

"Watakudhalilisha."

"Najua pia."

Akanipima kwa macho toka kichwani mpaka miguuni. "Vaa khanga mbili. Na usiende na pikapu."

Jumamosi 2 Septemba

Tumekwenda kwa miguu. Wazee walikuwa wamekaa uani, Hezron katikati yao, mtu mwenye suruali iliyopigwa pasi na sauti ya kortini. Mzee Anyelwisye akakaa pembeni kwenye kigoda, macho ardhini. Bibi alinipa mkeka, mimi na Marta.

Hezron akaanza. "Bosi, hilo shauri lilikwisha Julai. Ulialikwa, ulikuwa na lori."

"Hapakuwa na lori," nikasema. "Lilikuwa limeondoka Ijumaa. Nilikaa nyumbani nikafua nguo."

Marta akanikanyaga kidogo mguu, nadhani alitaka nianze na salamu zaidi. Lakini nilijua nikipunguza mwendo nitaanza kupamba. Nikasema yote. Kwamba niliambiwa mila yao kabla, nikaielewa. Kwamba nilitaka kuonekana mbele ya wageni. Kwamba nilimtishia mjane na chakula cha watoto wake. Halafu nikafika pale nilipopaogopa.

"Alipolitamka mara ya kwanza nilisikia vizuri. Nikasema sijasikia. Ile mara ya pili haikuwa ya kazi. Ilikuwa ya kiburi changu."

Bibi akaziba mdomo kwa khanga. Hezron akataka kusema, mzee mmoja akamwinulia mkono akae.

Mzee mwenyewe ndipo akasema, pole pole, hanitazami. "Siku ile nilikwenda nyumbani nikakaa pale mlangoni. Nikasema yule mama ni kijana, jioni atakuja. Nilimwambia bibi apike na cha mgeni. Tulipika siku nyingi."

Ningetamani anifokee. Mimi najua kufokewa.

Wakajitenga wakanong'ona kwa Kindali, lugha yao. Waliporudi, mkubwa wao akasema: mdomo ulikuwa wa mkwe, lakini neno lilikuwa la bosi. Kwa hiyo mkwe hana kosa, arudi kwa watoto wake na shamba lake. Hezron akafura, akanyamazishwa.

"Na aliyekosa," akasema mzee mwenyewe kutoka kigodani, "atatoa mbuzi, kama mkwe anavyotoa. Halafu atashika heshima ya mkwe, nyumbani na kazini pia. Hatalitamka jina langu. Hatapita mbele yangu. Nikija njiani, atapisha. Mpaka mimi niseme imetosha."

Marta akanigeukia, jicho moja limejaa huruma, la pili linacheka. "Umesikia, bosi?"

"Nimesikia," nikasema. "Mara ya kwanza."

Jumatatu 4 Septemba

Bwana Maduhu kwenye simu: "Umelipa mbuzi? Wewe? Sasa nani atakuogopa?"

Nikamwambia sijui, lakini nahitaji ruhusa ya kuujenga upya ukuta wa magunia. Akasema nimerogwa. Akaondoa habari ya mitambo miwili. Nikamwambia sawa, na kwamba lile tangi la Juni lilinifundisha jambo, watu wa tangi hawaondoki bila kuniachia mtu wa zamu, na kwa hilo silegezi hata kidogo. Mwishowe akasema, "Magunia tumia yaliyochanika."

Jumatatu 18 Septemba

Witness amerudi tangu Alhamisi. Leo amekuja mtamboni. Nilimtoa pembeni, mbali na watu, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kazi narudi," akasema. "Mstari sishiki tena."

"Sawa. Marta atasoma."

"Na sijakusamehe, bosi. Nimerudi kwa ajili ya watoto. Mdogo hataki nimwache hata nikienda kisimani, anadhani nakwenda darajani."

"Nimekuelewa."

"Usikae ukingoja nikusamehe ndipo ufanye kazi vizuri," akasema, akaenda mezani kwake.

Jumatano 20 Septemba

Jua kali sana. Meza za mwisho zinakauka. Marta kaweka kiazi cha kuchoma juu ya dirisha la stoo bila kusema ni cha nani. Nimekila.

Jumatatu 25 Septemba

Mzee amerudi leo. Nilikuwa nateremka njia ya matangini na karani wa kupimia, najadiliana naye kwa sauti ya bosi, tena bosi kweli, kwa sababu alikuwa amekosea mizani. Nikasikia kikohozi konani.

Watu wote mezani wakainua vichwa. Karani akanitazama aone nitafanyaje. Njia pale ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa chumba cha mashine, upande mwingine lundo la maganda ya kahawa yaliyooza, limeegemea ukuta wa magunia, yananuka mpaka machozi yakutoke. Nikavuta khanga, nikaingia kwenye maganda, viatu na yote, nikaugeuzia ukuta wa magunia uso wangu. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Sikusikia mtu kucheka, na nilikuwa nimejiandaa wacheke.

Hatua zake zikaja pole pole. Witness alikuwa upande wa pili wa magunia, naye amegeuka, macho ardhini kwenye mwanya wa magunia, tumekaribiana kiasi kwamba nasikia anavyohema.

"Sogea tena," akaninong'oneza. "Kivuli chake kinakufikia."

Nikasogea.